Kabla Mtoto Hajaachiwa: Mwongozo wa Kupeleka Familia Kwenye Ziplaini Msituni

Kupita juu ya msitu ukining'inia kwenye waya ni raha ambayo familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Kampala zinaweza kuipata kwa safari ya siku moja. Katika Msitu wa Kereita, ncha ya kusini ya safu za Aberdare katika kaunti ya Kiambu, nyaya zinavuka bonde huku vilele vya miti vikiwa chini ya miguu yako. Kimende, mji ulio karibu na msitu huo, uko takriban kilomita 50 kutoka Nairobi. Nchini Uganda, ndani ya Msitu wa Mabira ulio kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, nyaya nyingine ziko karibu na maporomoko ya Griffin, upande wa Lugazi.

Mwongozo huu ni wako wewe mzazi, shangazi au mjomba uliyekwisha kusumbuliwa na watoto hadi ukakubali. Jambo ninaloomba ulishike ni hili: usalama wa mtoto kwenye waya huamuliwa akiwa bado amesimama ardhini. Akishaachiwa, wewe huna tena la kufanya. Kinachofanya kazi ni uzito wake, mteremko wa waya na breki. Kwa hiyo maswali yote yaulizwe mapema, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

Waya unavyofanya kazi

Waya wa chuma umefungwa sehemu mbili, moja juu kidogo kuliko nyingine. Juu ya waya kuna kapi, yaani gurudumu dogo lenye mfuo, na wewe unaning'inia chini yake. Hakuna injini. Unavutwa na uzito wako mwenyewe.

Waya haujanyooka kabisa. Hulegea katikati, na sehemu ya mwisho hupanda kidogo kuelekea jukwaani. Kipande hicho cha kupanda ndicho hupunguza kasi kabla ya breki kumalizia. Kutokana na hapo unaelewa mambo mawili ambayo wazazi wengi hushangaa kuyaona. Mtu mzito hufika kwa kasi kubwa kuliko mwepesi. Na mtoto mwepesi, hasa upepo ukimpiga kifuani, anaweza kuishiwa mwendo kabla ya kufika, kisha akarudi nyuma taratibu hadi pale waya ulipolegea. Hiyo si ajali, wala kapi halijaharibika. Ila mtoto asiyeambiwa mapema atadhani ameachwa peke yake angani.

Ndiyo maana kituo makini humpima kila mtu kwenye mizani. Vipimo vya chini na vya juu hutofautiana kati ya kituo na kituo, na hata kati ya waya na waya hapo hapo. Usikadirie kilo za mtoto kwa simu, na usimwongezee umri ili apite. Aliye mwepesi mno huwa anafungwa pamoja na mwelekezi wakashuka wawili.

Kuchagua siku

Kereita iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukingo wa juu wa Bonde la Ufa. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, na siku nyingine hauondoki kabisa. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri zaidi kwa anayetaka kuuona msitu wenyewe. Mabira iko chini zaidi, kuna joto na unyevu, na mvua ya alasiri inaweza kukukuta bila taarifa. Kote kuwili, chagua asubuhi. Siku za wiki ni bora kuliko Jumamosi, kwa sababu mwelekezi asiye na haraka huangalia buko, yaani kifungio cha mkanda, mara mbili.

> ONYO: RADI
> Mko msituni, juu, na mmefungwa kwenye chuma. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali, shughuli isimame na watu washuke. Isubiriwe angalau dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mkiambiwa "hii ni ya mbali, tumalizie tu", msipande. Mvua nyepesi bila radi ni jambo jingine, lakini waya uliolowa hubadilisha kasi, na breki ya mkono hushika vibaya. Uliza wanafanya nini mvua ikinyesha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Piga simu, au uliza mezani mkifika. Anayeijua kazi yake hachukizwi na maswali haya.

1. Nyaya, majukwaa na mikanda hukaguliwa lini na nani? Jibu zuri lina sehemu mbili: ukaguzi wa kila asubuhi unaofanywa na waelekezi wenyewe, na ukaguzi wa mtaalamu wa nje angalau mara moja kwa mwaka. Omba kuona daftari.
2. Mnafuata kiwango gani? Ulaya wanacho kiwango cha EN 15567 kinachohusu njia za kamba na nyaya, na vituo vingi duniani huiga hicho au kile cha chama cha Marekani kiitwacho ACCT. Usipime jibu kwa herufi peke yake. Mpime anayejibu: je, anajua kinachosemwa humo?
3. Mkono wangu ukiteleza, nini kitanisimamisha? Hili ndilo swali ninalolithamini kuliko yote. Penye breki ya mkono pekee, mtoto wako anategemea glavu na akili yake mwenyewe. Panapaswa kuwa na breki ya pili ambayo haimsubiri abiria afanye lolote.
4. Kuna waelekezi wangapi kwa kundi letu? Wasipungue wawili: mmoja wa kuachia, mmoja wa kupokea.
5. Mtu akikwama au akiumia, mnamfikia vipi, na mnampeleka hospitali gani? Ukiwa Kereita, hospitali ya Kijabe haiko mbali. Lakini ni wao wanaopaswa kukuambia hivyo, pamoja na gari litakalotumika.

Utapewa fomu ya kukubali hatari. Isome yote kabla ya kutia sahihi, na uliza kama ada yako ina bima ndani yake.

Nani apande, nani abaki

Mjamzito asipande. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye kifafa, mwenye maumivu ya mgongo au shingo, na aliyekunywa pombe, hata kama ni bia moja ya mchana. Mwenye pumu aulize daktari wake kwanza, na akiruhusiwa abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni wenye zipu, isibaki kwenye gari. Kereita hewa ni nyembamba kidogo na baridi hukaza kifua, tena kuna kutembea na kupanda kati ya jukwaa na jukwaa.

Babu na nyanya wasioweza kupanda wasiachwe nyumbani kwa sababu hiyo. Misitu hii ina njia za miguu, na kukaa chini ya miti mnasubiri watoto wapite juu yenu wakipiga kelele ni sehemu ya siku. Mpatie mmoja wao kazi ya kutunza mifuko na viatu vya ziada.

> ORODHA YA ASUBUHI
> ☐ Suruali ndefu kwa kila mtu. Mikanda hupita katikati ya mapaja. Ukivaa dera, buibui au sketi, vaa suruali ndani na uwe tayari kukusanya kitambaa juu.
> ☐ Viatu vya kufunga kamba. Ndala na kandambili zitaangukia msituni.
> ☐ Nywele ndefu zimefungwa nyuma na chini. Hijabu iwe ya kubana, ncha zake ndani ya nguo. Hakuna skafu, hakuna mkufu.
> ☐ Pete na bangili zimebaki nyumbani.
> ☐ Miwani ina kamba ya nyuma.
> ☐ Jaketi jepesi la kuzuia upepo, na sweta kwa Kereita.
> ☐ Simu ina kamba au iko mfukoni kwenye zipu. Anayetaka kupiga picha apige akiwa jukwaani.
> ☐ Kifungua kinywa cha wastani. Tumbo tupu huleta kizunguzungu. Tumbo lililojaa chapati na chai ya maziwa hugeuka kwenye waya wa kwanza.
> ☐ Kila mtoto amekwenda haja. Mikanda ikishafungwa, kuifungua ni kazi ya dakika kumi.

Kufungwa mikanda: hapa tazama kwa macho yako

Ile mikanda inayozunguka kiuno na mapaja, waelekezi huiita hanesi. Ile ya kiuno na mapaja pekee hutegemea mifupa ya nyonga kushika. Mtu mzima anayo. Mtoto mdogo bado hana nyonga za kuzuia mkanda. Akipinduka kichwa chini anaweza kuchomoka. Kwa sababu hiyo mtoto anastahili hanesi ya mwili mzima, yenye mikanda inayopita juu ya mabega na sehemu ya kuning'inizwa iliyo juu, kifuani. Wakikuletea ya kiuno pekee kwa mtoto wa miaka sita, uliza ya mwili mzima. Wakisema hawana, mtoto asipande siku hiyo.

Mwelekezi akimaliza kumfunga mtoto, fuata hatua hizi. Usione haya; piga magoti mbele ya mwanao na ukague.

1. Mkanda wa kiuno uwe juu ya mfupa wa nyonga, si juu ya makalio. Uvute kwenda chini kwa nguvu. Usiteremke.
2. Ingiza kiganja kilichonyooka kati ya mkanda wa paja na suruali. Kiingie kwa kubanwa. Ngumi isiingie.
3. Tazama ncha za mikanda. Kila ncha iwe imepita kwenye buko na ikabaki na urefu wa kiganja, kisha ikachomekwa.
4. Karabina, zile pete za chuma zinazounganisha mikanda na kapi, ziwe na komeo. Zipo za kuzungusha na zipo zinazojifunga zenyewe. Bonyeza mlango wake kwa kidole gumba bila kugusa komeo. Ukifunguka, haijafungwa.
5. Helmeti ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi. Mwambie mtoto atikise kichwa kama anayekataa uji. Ikicheza, ikazwe nyuma, kisha kidevuni.
6. Tazama mikanda yenyewe: uzi uliokatika, sehemu iliyochakaa ikawa na manyoya, rangi iliyopauka sana kwa jua. Ukiona kimoja kati ya hivi, omba nyingine.

Rudia hatua ya 1 na ya 2 mkiwa jukwaani. Mkitembea, nguo hujipanga upya na mikanda hulegea.

Kuanzia hapo kuna sheria moja isiyo na udhuru: popote palipo juu, kila mtu awe ameunganishwa na kitu muda wote. Mwelekezi anapokuhamisha kutoka waya huu kwenda ule, aunganishe kipya kabla ya kufungua cha zamani. Ukimwona amefungua vyote kwa pamoja, hata kwa nukta moja, mwambie asimame.

Mpangilio wa familia kwenye foleni

Hapa wazazi hukosea kwa upendo. Baba hutangulia kuonyesha ujasiri, mama humfuata, watoto wanabaki juu na mgeni. Au watoto wanaachiwa kwanza kwa kuwa wamesubiri kwa hamu, na wanafika upande wa pili wasikokuwa na mtu wanayemjua.

Mkiwa wazazi wawili, mmoja atangulie na mwingine awe wa mwisho. Watoto wote wawe katikati. Mtoto anaagwa na uso anaoujua na kupokewa na uso anaoujua. Kati ya watoto, aliye na hofu asiwe wa mwisho, kwa sababu kusubiri ndiko kunakomchosha. Mtangulize mmoja jasiri, kisha yeye, kisha wengine.

Ukiwa mzazi peke yako na mtoto mmoja, mwache mwelekezi atangulie kupokea, umtume mtoto, nawe ufuate. Kama watoto ni wawili na mmoja ni kijana wa miaka kumi na mitano hivi, kijana ndiye atangulie. Mpe kazi hiyo rasmi: "Wewe utampokea mdogo wako." Ataichukua kwa uzito.

Kwenye waya

1. Ingia kwenye hanesi ardhini kwanza, uketi ndani yake hadi mikanda ibebe uzito wote. Vituo vizuri vina waya mfupi wa mafunzo ulio chini. Watoto waurudie hadi wachoke.
2. Jukwaani usiruke. Keti, acha mikanda ikaze, inua miguu. Kuruka huyumbisha waya na kumfanya mtu azunguke.
3. Mikono iwe pale ulipoambiwa tu. Usishike waya mbele ya kapi kamwe. Gurudumu litapita juu ya vidole. Penye breki ya glavu, mkono hukaa nyuma ya kapi na hubonyeza kwenda chini, kidogo kidogo. Usikamate.
4. Ukianza kuzungukazunguka, usipigane nako. Kunja magoti, tulia, tazama jukwaa unaloendea.
5. Mtazame mwelekezi wa upande wa pili kwa ishara. Ishara mfundishwe ardhini, na mtoto akuonyeshe kwamba anazikumbuka.
6. Ukifika, simama uliposhikwa. Usiguse karabina yoyote. Mtoto naye aambiwe hivyo, kwani vidole vya watoto hupenda komeo.

> MTOTO AKIKWAMA KATIKATI
> Mwambie mapema, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Ukisimama kabla ya kufika, utaning'inia tu. Huanguki. Mwelekezi atakuja kukuchukua." Akikwama, usipige kelele za maagizo, mtu mmoja tu ndiye azungumze, naye ni mwelekezi. Mkubwa anaweza kuagizwa ageuke na kujivuta mkono baada ya mkono. Mdogo afuatwe. Asikae akining'inia muda mrefu bila kusogeza miguu, maana mikanda hubana damu mapajani: apige mateke hewani, akunje na kunyoosha. Akilalamikia ganzi au kizunguzungu, sema hapo hapo.

Mtoto akisema "sitaki"

Nimewahi kumsikia baba akimwambia mwanawe jukwaani, "Wenzako wote wamepita, usiniaibishe." Mtoto akapita, macho yamefumbwa, vidole vimekufa ganzi kwa kukaza kamba. Hakuona mti hata mmoja. Alipofika alikaa pembeni na hakutaka kuzungumza na mtu.

Mtoto mwenye hofu hukaza mwili, husahau maagizo na hushika pasiposhikwa. Kumsukuma ni ukatili, na pia ni hatari. Fanya hivi: inama hadi macho yenu yakutane, muulize anachoogopa hasa. Mara nyingi ni kitu kimoja chenye jibu. "Mama, waya utakatika?" Mwelekezi amwonyeshe waya, aupapase. "Sitaki kwenda peke yangu." Aende na mwelekezi. Akisema tena hapana baada ya hapo, hiyo ni hapana. Kabla ya safari, uliza kituoni njia ya kushuka kwa miguu iko wapi, na iko baada ya waya wa ngapi, kwa sababu kwenye baadhi ya vituo ukishavuka waya wa kwanza ni lazima uvuke na wa kurudi. Uliza pia kuhusu kurudishiwa pesa, ili ada isije ikawa ndiyo sababu ya kumlazimisha.

Utazame msitu

Miongoni mwa watu waliotangulia kuzoea kupita juu ya miti kwa kamba kwa sababu ya kazi walikuwa wanabiolojia. Katika miaka ya 1970 huko Costa Rica, Donald Perry na wenzake walipanda kwa kamba ili waone maisha yaliyoko kwenye vilele, kwa kuwa aliye chini huona vigogo na giza tu. Nawe uko pale walipotaka kufika. Usipoteze nafasi hiyo kwa kupiga mayowe njia nzima.

Waya wa kwanza kila mtu atapiga yowe, acheni. Kwenye wa pili, wape watoto kazi. Kereita watafute mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mgongoni na mkia kama ufagio. Hukaa juu, hula majani, na huruka kutoka mti hadi mti akiwa ametanua mikono. Wautofautishe mwanzi na mti. Wanuse: podo na mierezi iliyolowa ina harufu yake. Mabira, ambao ni msitu wa takriban kilomita za mraba 300, wasikilize kwanza kabla ya kutazama, maana majani ni mazito na mangabei, aina ya kima, husikika kabla hajaonekana. Mkiwa jukwaani, mkinyamaza kwa dakika mbili, wanyama hurudi.

Chakula kifungwe. Kima wa Kereita wanajua sauti ya mfuko wa krisipi, na aliyekwisha kulishwa na wageni huwa mkali kwa mgeni anayefuata. Takataka zote zirudi na gari.

> MAKOSA YANAYORUDIWA
> – Kulipa kwanza, kuuliza baadaye.
> – Kudanganya kilo za mama mkwe kwa heshima. Mizani iko pale kwa ajili ya breki. Apimwe pembeni, pasipo na watu.
> – Kumvalisha mtoto jaketi nene juu ya hanesi hadi buko zisionekane.
> – Kumrekodi mtoto video jukwaani badala ya kusikiliza maagizo.
> – Kuanza safari ya kurudi giza likiingia. Ukungu wa Kimende jioni ni mzito, na malori ni mengi. Ukitaka sukuma na viazi kutoka soko la barabarani la Soko Mjinga, nunua kabla ya saa kumi na moja.

Ukiona kasoro

Komeo lisilofunga, mwelekezi aliyefungua viunganishi vyote, waya wenye nyuzi zilizochomoza: usinyamaze ati kwa kuwa ninyi mmefika salama.

1. Mwambie mwelekezi papo hapo, kisha meneja kabla hamjaondoka. Taja waya wa ngapi na saa ngapi.
2. Piga picha ya kifaa kama kiko mbele yako.
3. Andika barua fupi au ujumbe siku hiyo hiyo. Kenya, biashara za utalii husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na misitu ya umma kama Kereita iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Uganda, Mabira husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu.
4. Familia iliyo nyuma yenu kwenye foleni iambiwe hapo hapo, mdomo kwa mdomo. Wao watapanda kabla ofisi yoyote haijafungua barua yako.